Kopo Kwanza, Sufuria Baadaye

Tulipomaliza kumsomea Bi Riziki khitma, sisi wanawake tulibaki uani tukinywa kahawa, na mmoja wetu, mwanamke kijana aliyemjua marehemu uzeeni tu, akasema kwamba Bi Riziki alizaliwa na moyo wa simba. Alisema mtu yule hakuogopa kitu tangu tumboni mwa mama yake, ndiyo maana biashara yake ya mikate ilisimama miaka yote ile wakati za wenziwe zikianguka. Watu wakaitikia, "Naam, kweli kabisa." Nami niliitikia, kwa sababu khitmani si mahali pa kubishana. Lakini nilipofika nyumbani maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Bi Riziki niliyemjua mimi alikuwa mwoga. Nilimwona akiogopa kwa macho yangu, mwaka mzima, katika chumba kimoja cha Makorora, na niliona alivyoufanyia kazi woga wake. Kusema alizaliwa na moyo wa simba ni kumnyang'anya kazi hiyo, sawa na kumwambia mpishi kwamba wali ulijipika wenyewe.

Mwaka huo ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini, mkonge ukiwa bado una bei na Tanga imejaa watu kutoka kila upande. Mimi nilikuwa nimeolewa na kuachwa kabla sijatimiza miaka ishirini, na yaliyotangulia hayo nayaacha huko yaliko. Bi Riziki alikuwa mjane, ndiyo kwanza ametoka eda. Hatukuwa ndugu. Alinipa nafasi ya kutandika mkeka wangu chumbani mwake, mimi nimsaidie kutwanga na kuchota maji, na haikuchukua muda akawa ananiita mwanangu. Chumba kilikuwa cha mwisho, karibu na mlango wa uani, hivi kwamba moshi wa jikoni uliingia kabla ya mtu yeyote. Upande mmoja kilikuwapo kitanda chake cha kamba, upande wa pili mkeka wangu, na katikati sanduku lake la mvule lenye misumari ya shaba, alilotoka nalo Pangani siku alipoolewa. Juu ya sanduku aliweka chekeche, mwiko, na safu ya makopo matupu ya samli ambayo hakuwahi kutupa hata moja. Nilimuuliza anayawekea nini. Akasema, "Kopo halina mdomo, haliombi chakula. Liache likae."

Chakula chetu cha jioni kilikuwa kile kisichouzwa mchana. Bi Riziki alioka mikate ya mofa, ile ya unga wa mtama inayobandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo, na zamani wateja walikuja wenyewe mlangoni. Mwaka ule walipungua. Kulikuwa na watu wakipita na baiskeli zenye makasha nyuma, wakiuza mikate myeupe laini ya kiwandani, na vijana walisema mofa ni chakula cha wazee wasio na haraka. Kwa hiyo tulikula mofa na mchuzi wa dagaa, mofa na tui, mofa na chai kavu, na siku nyingine mofa na maneno tu. Mambo yalikuwa hivyo wakati kaka yake, Bwana Athumani, alipokuja kutoka Pangani. Alikuwa mtu mrefu sana, akiinama kila mlango, mwenye kanzu safi na sauti ya taratibu. Nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba," akaitikia vizuri, kisha nikatoka uani kuwapisha. Lakini nyumba za udongo hazina siri.

"Riziki, mji huu si wa mwanamke peke yake," nilimsikia akisema. "Rudi nyumbani. Kuna mtu ameniuliza habari zako. Mtu wa heshima, ana minazi."

"Na wake je, anao wangapi?"

"Wawili tu."

"Wawili tu," Bi Riziki alirudia, kama mtu anayeonja mchuzi akakuta chumvi imezidi. Kisha sauti yake ikawa ndogo. "Kaka, nipe mpaka mfungo sita. Ukifika kabla sijasimama kwa mikono yangu, njoo na kamba tulifunge hilo sanduku. Sitakubishia."

Mfungo sita ndio mwezi wa Maulidi, na haukuwa mbali. Bwana Athumani alikubali. Hakuwa mtu mbaya. Aliona dada yake anakula mofa na chai kavu, na kaka yeyote wa pwani wakati ule angesema alivyosema. Alipoondoka Bi Riziki aliketi juu ya sanduku, mikono mapajani, na nikaona vidole vinamtetemeka. Halafu akaniambia, "Mwanaidi, wateja wasipokuja mlangoni itabidi tuwafuate. Kesho utachukua kapu."

Hapo woga ukahamia kwangu. Mimi nilikuwa mtu wa haya, mtu ambaye shuleni nilipoulizwa jina nililisema kwa ndani. Na mchuuzi asiyenadi si mchuuzi. Bi Riziki alinifundisha uani jinsi ya kuita, "Mofa! Mofa moto!", akivuta ile "moto" mpaka kuku wakageuka. Nilijaribu, ikatoka kama mtu anayeomba radhi. Nikatoka hivyo hivyo, kapu kichwani, buibui limenifunika, nikazunguka mitaa ya Makorora na Ngamiani bila kutoa sauti. Wazee waliokuwa barazani wakinywa kahawa waliniona nikipita, nikarudi, nikapita tena. Mmoja akaniita, "Bibi wee, umebeba nini humo, siri?" Wenzake walicheka mpaka vikombe vikalia. Nikakata kona nikajibanza kwenye mlango wa nyumba ya kwanza niliyoiona, na kwa kuwa nilikuwa mlangoni mwa watu, nilisema neno pekee ambalo nilijua kulisema mlangoni. Nilisema, "Hodi."

Yeyote aliyekulia pwani anajua kilichofuata. Ukisema hodi umekuwa mgeni. Nikaambiwa, "Karibu, mwanangu, pita ndani," nikatandikiwa mkeka, nikaulizwa hali na habari za nyumbani, nikaletewa uji wa pilipili manga. Sasa mgeni aliyekunywa uji wa watu atawaambiaje tena, nunueni? Nilishukuru, nikaaga, nikachukua kapu langu. Nyumba ya pili, hodi, karibu, kikombe cha chai na kipande cha muhogo. Nyumba ya tatu walikuwa wanapakua wali. Nilirudi alasiri nimeshiba kuliko nilivyowahi kushiba tangu niachwe, na kapu limejaa vile vile. Bi Riziki alilifunua, akatazama mikate, akanitazama mimi. "Hakuna aliyenunua?" Nikamweleza. Nilingoja anigombeze. Badala yake alianza kucheka kidogo kidogo, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Mtoto huyu! Nimemtuma akauze mikate, amekwenda kula ya wenzake!" Alipokwisha kufuta machozi, alisema jambo ambalo nimelikumbuka katika kila kazi niliyoifanya baadaye. "Wenye baiskeli wanapita njiani. Wewe umeingia mpaka jikoni kwa watu. Hiyo si hasara. Kesho sema hodi tena, ila ukikaribishwa, waonjeshe. Mgeni akija na kitu mkononi si aibu."

Nilifanya hivyo. Nilikata mofa moja vipande, nikiketi tu natoa kipande kabla ya kuletewa chochote, nasema, "Mama anawasalimu, onjeni." Taratibu mikate ikaanza kubaki katika nyumba za watu. Haikutosha kumsimamisha mtu, lakini nilijifunza majina, nikajua nani ana meno na nani hana, nani anapenda mofa laini na nani anaipenda imeungua kidogo. Na kwa njia hiyo ya hodi siku moja nilijikuta mtaa wa Mabawa, katika nyumba ya Wasambaa kutoka milima ya Lushoto. Mume alifanya kazi reli, mke aliitwa Mama Naomi, na walikuwa Walutheri. Juu ya mlango palikuwa na msalaba mdogo wa mti, na juu ya kila kiti kitambaa cheupe cha kufuma, hivi kwamba niliogopa kukaa. Mama Naomi aliniletea chai ya maziwa na viazi vitamu. Alizungumza nami nusu saa nzima ndipo akaliona kapu.

"Kumbe unauza mikate! Sasa mbona husemi?"

"Nilikuwa nangoja nimalize chai, mama."

Alicheka sana, mwanamke mnene mwenye pengo la mbele, na nikampenda hapo hapo. Alionja mofa, akasema ni ngumu lakini ina utamu wa mbali. Kisha akaniuliza, "Huyo mama yako anajua kuoka keki? Naomi wangu anafunga ndoa mwezi ujao. Nataka keki ya ghorofa, nyeupe, kama niliyoiona kwenye arusi ya mwalimu mmoja kule kwetu." Sikujua keki ni nini. Nilikuwa nimelisikia neno tu, kama mtu anavyosikia jina la mji wa mbali. Nilipaswa kusema hatuwezi. Lakini kumwambia mtu hapana, mbele ya chai yake, kwenye kiti chake chenye kitambaa cheupe, kulinishinda. Nikasema kile ambacho watu wa kwetu husema wakishindwa kukataa. Najua neno lenyewe ni zito na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani angenikemea kwa kulitumia hivyo. Nilisema, "Inshallah."

Nilimsimulia Bi Riziki usiku ule tukila. "Keki," alisema, akatikisa kichwa. "Hayo mambo ya Wazungu, yanataka jiko la chuma na vitu vya duka kubwa. Mimi siyajui na siyawezi. Vizuri ulisema Inshallah, atakuwa ameelewa." Nami nilikuwa na hakika ameelewa. Kwetu mtu akikujibu Inshallah kwa sauti ile ya chini, unakwenda kutafuta kwingine na wala hamkosani.

Wiki iliyofuata tulisikia hodi, na Mama Naomi akaingia chumbani mwetu na kikapu kilichofunikwa kwa majani ya mgomba. Alikitua juu ya sanduku, akakifunua. Kilikuwa kimejaa mayai. "Ya kuku wangu mwenyewe," alisema, akipepea uso kwa kanga. "Mengine nitaleta. Nimekwisha waambia watu wote keki inatoka kwa Waislamu wa Makorora, hawaamini!"

Bi Riziki alinitazama, nami nikaitazama sakafu. "Mama," alisema polepole, "binti huyu alikuambiaje?"

"Alisema Inshallah. Sisi kwetu mtu akishamtaja Mungu, basi amekwisha sema."

Mara nyingi nimeufikiria wakati ule. Mfungo sita ulikuwa unakaribia. Bi Riziki angeweza kumrudishia mayai yake na kumwelewesha, na Mama Naomi angekubali, maana alikuwa mwelewa. Nilimwona Bi Riziki akishika ukingo wa sanduku. Alikuwa mwanamke mwenye fahari ya mikono yake. Hakupenda mtu ajue kuna kitu cha kuoka asichokijua. Halafu akafanya jambo ambalo mimi, kwa haya zangu, nisingelifanya hata kwa kushikiwa panga. Akasema, "Keti, mama. Nataka nikuulize jambo la aibu. Keki ni kitu gani?"

Mama Naomi hakucheka. Alikaa kitandani, akaanza kueleza kwa mikono. Unachukua mayai unayapiga na sukari mpaka yanapanda, yanakuwa meupe. Unatia unga kidogo kidogo. Unaoka kwa moto chini na juu. Ikiiva, ukiibonyeza inarudi. Kadiri alivyoeleza, Bi Riziki alizidi kuinama mbele.

"Na iliki hamtii?"

"Iliki? Hatutii."

"Na moto wa juu, mnapalia makaa kwenye kifuniko?"

"Mwenye jiko la chuma anatumia jiko. Asiye nalo anapalia makaa, ndiyo."

Bi Riziki alijipiga paja. "Mwanaidi! Huo si mkate wa mayai?" Kila Maulidi, kila arusi, kila mtoto akihitimu Kurani, Bi Riziki alipika mkate wa mayai kwa kupalia makaa, tangu Pangani, tangu mama yake. Kumbe alikuwa akiogopa jina tu. Wale wanawake wawili walishikana mikono wakacheka pale kitandani, na kikapu cha mayai katikati yao.

Lakini ningedanganya kama ningesema woga uliishia pale. Mkate wa mayai ni wa kulala kwenye sufuria na kukatwa vipande. Huu ulitakiwa usimame, na juu yake usimame mwingine, na yote miwili iwe myeupe. Mama Naomi alipoondoka Bi Riziki alipoteza kicheko chake, akaniambia wazi, "Naogopa, mwanangu. Nikiharibu mayai ya watu, kaka akija atanikuta sina la kusema." Kisha akanyanyuka akachukua makopo mawili ya samli juu ya sanduku, moja kubwa, moja dogo. "Lakini kopo haliniogopeshi. Kopo likiungua, limeungua kopo."

Hapo ndipo nilipoona anavyofanya. Alivunja yai moja tu, la kuku wetu wenyewe, akalipima sukari na unga kwa kijiko, akaoka keki ya urefu wa kidole ndani ya kopo kubwa. Kesho yake akaoka kwenye kopo dogo, akaweka keki ndogo juu ya kubwa. Tulisimama kuitazama. Ile ya juu ilianza kuzama taratibu kama mtu anayekaa kwenye godoro la sufi, mpaka ukaonekana ukingo tu. Jirani yetu Bi Mwanaharusi, ambaye uzio wake ulikuwa na tundu la macho yake hasa, alipiga kelele, "Riziki! Hiyo nyumba yako haina msingi!" Bi Riziki alimjibu, "Basi njoo uile, fundi!" Akaja kweli, akaila. Keki iliyofuata iliungua juu, kwa kuwa makaa yalikuwa mengi. Nyingine ilikuwa na unga mwingi, ikawa ngumu, na Bi Mwanaharusi akasema hii sasa imepata msingi lakini inataka shoka. Kila mara Bi Riziki aliuliza, "Imeharibika wapi?" Hakuuliza nani kaiharibu, wala hakusema siwezi. Aliuliza wapi. Akapima unga upya, akatia samli iliyoyeyushwa, akapunguza makaa ya chini na kuyatawanya ya juu. Weupe tuliutafuta kwa kutwanga sukari kwenye kinu, tukaichekecha kwa kitambaa cha melimeli, tukaikoroga kwa ute wa yai na maji ya ndimu. Jioni tulikula makosa yetu na chai. Sijapata kula makosa matamu kama yale. Na kila kopo lililofaulu niliona bega la Bi Riziki linashuka kidogo, mikono inatulia, mpaka siku aliyochukua sufuria aliichukua kama mtu anayechukua kopo lililokua.

Mimi mwenyewe baadaye nilifungua mgahawa, na kila nilipotaka kuleta kitu kipya, chakula au hata msaidizi, nilikijaribu kwanza kwa siku chache, kwa wateja wachache, nikijiuliza imeharibika wapi. Watu waliniita jasiri. Nilikuwa nikitumia makopo ya Bi Riziki.

Siku ya arusi ilikuwa Jumamosi, na mfungo sita ulikuwa umeandama. Keki ilikuwa tayari asubuhi. Tuliiweka kwenye sinia, na kwa kuwa chumbani hapakuwa na meza, sinia likakaa juu ya sanduku. Ilikuwa nyeupe pepe, ghorofa mbili, imeegemea upande mmoja kidogo sana kama mtu anayesikiliza. Tulikuwa tumemwita kijana mmoja wa jirani, hamali mwenye mabega mapana, aje aibebe mpaka Mabawa. Alisimama mlangoni akaiangalia, akarudi nyuma. "Bi Riziki, mimi nabeba mkonge. Nabeba saruji. Hicho sikibebi." Akaenda zake kweli. Na kabla hatujajua la kufanya, mlango ulifunikwa na mtu mrefu aliyeinama. Alikuwa Bwana Athumani, amevaa kanzu ya safari, na begani kamba mpya ya kufungia sanduku.

Tulimwamkia. Akaitikia, akaangalia huku na huku. "Nimekuja kama tulivyoagana, Riziki." Kisha akaiona. "Hiki nini juu ya sanduku?"

"Keki, kaka."

"Ya nani?"

"Ya arusi. Ya watu wa Mabawa, Wasambaa."

"Wakristo?"

"Wakristo nao wanakula, kaka."

Aliizunguka keki kama mtu anayezunguka nyumba anayotaka kuinunua. Akauliza nani ameipika, ingawa hapakuwa na mwingine wa kuipika. Bi Riziki alikuwa akisema peke yake, "Watakuwa wametoka kanisani sasa. Watakuwa wametoka." Bwana Athumani alimtazama dada yake muda, akatazama kamba yake, akaitundika msumarini nyuma ya mlango. Akavua kofia, akakunja mikono ya kanzu. "Nipeni ngata," alisema. Bi Riziki akamsokotea kanga, akaiweka kichwani mwake, na sisi wawili tukamtwika lile sinia. Ilibidi apige magoti kutoka mlangoni.

Bi Riziki hakuja. Alisema atatungoja nyumbani. Nilitangulia mimi, Bwana Athumani nyuma yangu akitembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa hadi mdomoni, na tulipofika Ngamiani njia ilikuwa imejaa watu, baiskeli na mikokoteni. Nilipaswa kufungua njia. Nilifungua mdomo, na neno lililotoka lilikuwa lile lile langu. "Hodi," nikasema. "Hodi… hodi…"

"Hodi njiani!" mtu mmoja akapasuka kwa kicheko. "Karibu, bibi, jisikie nyumbani!"

Nyuma yangu Bwana Athumani alisema kwa meno yaliyobana, "Binti, sauti! Shingo yangu inakufa!"

Sijui ilitoka wapi. Naamini ilitoka kwenye makopo yale, kwenye makosa yote yale niliyoyala na chai. Nilipiga kelele, "Pisheni! Pisheni jamani! Keki inapita!" na nikaivuta ile "inapita" kama Bi Riziki alivyonifundisha kuvuta "moto". Njia ilifunguka. Baiskeli zilisimama. Wale wazee wa barazani, wale wale wa kahawa, waliinuka vikombe mkononi, na yule aliyenicheka kwa kapu la siri akauliza, "Keki ya nani hiyo?"

"Ya Bi Riziki!" nilipaza sauti. "Bi Riziki wa Makorora! Mikate ya mofa, mikate ya mayai, keki za arusi!" Nilinadi njia nzima. Watoto walitufuata. Nilipofika Mabawa sikuwa na sauti tena, na sikuhitaji, kwa sababu Mama Naomi alikuwa mlangoni akiitoa yeye. Walikuwa wakiimba nyimbo zao za kanisa kwa sauti nne zinazopishana, na Bwana Athumani alitua sinia mezani katikati ya wimbo, kwa upole kama anayemlaza mtoto. Mzee mmoja Msambaa mwenye koti alimuuliza fundi wa kazi hii ni nani. Bwana Athumani alijinyoosha mpaka kichwa kikakaribia boriti. "Dada yangu," alisema. "Dada yangu wa tumbo moja."

Walituketisha, wakatukatia. Alionja kipande chake, akatafuna, akasimama kutafuna, akaninong'oneza, "Binti. Huu ni mkate wa mayai."

"Ndiyo, mjomba."

Akatafuna tena. "Usiwaambie."

Tulipomrudia Bi Riziki alikuwa amekaa juu ya sanduku, mahali pale pale keki ilipokuwa. "Imefika?" aliuliza. Kaka yake akasema imefika. "Imesimama?" Akasema imesimama mpaka ilipokatwa, na kwamba wanawake wawili wameuliza nyumba yake ilipo. Bi Riziki aliinamisha uso kwenye kanga, na sisi tukamwacha. Jioni tulikula pamoja, mofa na mchuzi wa dagaa, na Bwana Athumani alikula tatu bila kusema neno juu ya mtu mwenye minazi.

Asubuhi alijiandaa kurudi na basi la Pangani. Alichukua kamba yake msumarini, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu. Shingo ilikuwa bado inamuuma, akigeuka anageuka mwili mzima. Mlangoni aliinama apite, akasita. "Basi," alisema, "kule Pangani niwaambieje? Utakuja?"

Bi Riziki alikuwa amekwisha panga makopo yake juu ya sanduku, makubwa nyuma, madogo mbele. Alimtazama kaka yake kwa mapenzi makubwa.

"Inshallah, kaka," alisema.

Na Bwana Athumani, mtu wa pwani, alielewa.